Kutoka korona hadi Kikogwe: siku chache na mkonge kando ya Mto Pangani

Ijumaa, Tanga mjini

Basi la kutoka Dar limenishusha stendi ya Kange jioni jua likiwa bado kali. Mjomba alikuwa ananisubiri, baiskeli kaiegemeza kwenye nguzo, kanzu ya Ijumaa bado mwilini. Shikamoo, marahaba, habari za huko, na kabla sijashusha begi akaanza: "Wenzako wakija Tanga wanakwenda kuona mapango ya Amboni. Wewe umepanda basi mchana kutwa kuja kutazama majani?"

Anatania tu. Mjomba amefanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili zitoke nyuzi, tangu ndevu hazijamwota mpaka zilipokuwa nyeupe, na tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikisikia habari za kiwanda cha mkonge bila kukiona. Nilimwambia safari hii hatuondoki bila kufuata mkonge mwanzo hadi mwisho: shambani, kiwandani, halafu Pangani, na kuvuka mto mpaka Kikogwe mahali ulipopandwa mara ya kwanza. Akasema ofisi ya shamba ameshazungumza nayo, watatupokea kesho asubuhi.

Usiku Ngamiani, moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mihogo ya kuchoma, mishkaki, kachumbari yenye ndimu nyingi. Tumelala mapema.

Jumamosi, shambani na kiwandani

Tuliondoka kabla ya jua kutoka maana wakataji wa mkonge hawasubiri mtu. Kazi yao ni ya alfajiri. Ikifika saa nne joto likishapanda, mwenye akili amemaliza kazi yake ya siku na yuko kivulini.

Barabara ya Tanga kwenda Pangani ni kama kilomita 50, inafuata pwani, na sehemu kubwa ukitazama dirishani unaona minazi upande mmoja na mkonge upande mwingine. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Tulishuka njiani, tukatembea kwenye barabara ya udongo mwekundu hadi tulipomkuta mnyapara na kundi la wakataji.

Nilidhani kukata mkonge ni kufyeka, kumbe sivyo. Mkataji anainama, anaingiza kisu chini kabisa jani linapoungana na shina, analikata kwa pigo moja, analivuta. Anaanza na majani ya chini yaliyokomaa akizunguka shina, na yale ya juu yaliyosimama wima hayagusi kabisa, kwa sababu akiyamaliza mmea unadhoofika na awamu ijayo hapati kitu. Kisha anakata ncha yenye mwiba. Mwiba wa mkonge ni mweusi, mgumu, na mjomba alinionyesha kovu kwenye paja lake la zamani hizo. Majani yakifika 30 yanafungwa fungu moja. Fungu linabebwa begani hadi pembeni ya njia, linapangwa, na mnyapara anakuja kuhesabu. Jani lenyewe likikatwa linatoa maji ya kijani, yakikugusa ngozi yanawasha. Kijana mmoja alikuwa amevaa soksi mikononi hadi kwenye viwiko.

"Zamani hatukuwa na soksi," mjomba akasema.

"Zamani mlikuwa na ngozi, babu," kijana akajibu bila kuinua kichwa. Wote wakacheka, na mjomba akacheka kuliko wote.

Nikauliza ile miti mirefu iliyosimama katikati ya shamba ni nini. Ni milingoti. Mkonge unachanua mara moja tu maishani. Ukishafika umri unarusha mlingoti unaoweza kupita mita tano, unatoa maua, unazaa miche midogo huko juu kwenye matawi, halafu unakufa. Kwa hiyo mwenye shamba haombei mlingoti uje haraka. Mkonge wa asili unatoa majani 200 na kitu kabla ya kufika hapo. Ule chotara uliozalishwa Afrika Mashariki na kupewa namba 11648 unatoa mara mbili yake na zaidi, na ndiyo maana mashamba mengi ya Tanga yameuchukua. Utafiti wa mkonge una nyumba yake Mlingano, karibu na Muheza, tangu miaka ya 1930. Wakulima wanakwenda huko kuulizia mbegu na magonjwa.

Katikati ya mistari kulikuwa na ng'ombe wanakula nyasi. Nilishangaa. Mnyapara akasema hao ni wafanyakazi wasiodai mshahara: wanapunguza magugu, wanaacha mbolea, na mkonge wenyewe hawaugusi.

Trekta lilikuja na tela, tukapanda juu ya majani (sikushauri) hadi kiwandani.

Korona unaisikia kabla hujaiona. Ni mngurumo mzito wenye mlio wa maji ndani yake, na harufu inakuja pamoja nao, harufu ya majani mabichi yaliyoanza kuchacha. Mashine yenyewe ni ndefu. Upande mmoja wanasimama watu wanaofungua mafungu na kuyatandaza majani kwenye mkanda, yakiwa yamelala kwa ubavu. Yanashikwa katikati na kupelekwa kwenye ngoma kubwa ya chuma yenye visu butu. Visu havikati. Vinapondaponda na kukwangua nyama ya jani huku maji yanamwagwa muda wote, mpaka inabaki nyuzi tupu upande mmoja wa jani. Kisha jani linashikwa upande huo uliokwisha safishwa, linapita ngoma ya pili, upande uliobaki nao unakwanguliwa. Huku jani la kijani linaingia, kule inatoka singa, yaani nyuzi za mkonge, nyeupe na zinazochuruzika maji. Nilihesabu moyoni, haikuzidi muda wa kumaliza salamu za Kitanga, ambazo nazo si fupi.

Mjomba alisogea karibu na mashine kuliko nilivyopenda. Kazi yake ilikuwa pale mwanzoni, kwenye kutandaza. "Ukiweka majani yamepandana," alinipigia kelele sikioni, "ngoma inakwangua la juu, la chini linatoka na nyama. Singa inakuwa na madoa ya kijani. Ukienda kuuza, daraja linashuka. Mnyapara anakuja kukuuliza wewe, haiulizi mashine."

Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia, singa kavu inayopatikana ni kama kilo nne. Nyingine zote ni maji na masalia yanayotiririka nje kwenye mfereji. Kwa miaka mingi yalikuwa yanamwagwa tu, na mito ya mkoa huu inajua. Kule Hale walijenga mtambo wa kuyageuza masalia kuwa gesi na umeme, ukaanza miaka ya 2000, na mimi naona hapo ndipo akili ya mkonge ilipaswa kwenda tangu zamani. Unapolima zao ambalo unatupa zaidi ya tisa katika kila kumi, shida yako ya kwanza ni hiyo taka, kabla hata ya bei ya kamba.

Baada ya korona, singa inaanikwa juani kwenye nyaya zilizofungwa kama kamba za nguo, safu baada ya safu. Kazi hii wanaifanya zaidi kina mama. Mmoja aliniachia nijaribu: unashika kishungi, unakikung'uta mara moja ili nyuzi zisishikane, unakitupa juu ya waya na kukigawa pande mbili. Chake kilikaa kimenyooka. Changu kilifanana na nywele za mtu aliyeamshwa usiku.

Ikikauka inapelekwa kwenye brashi, mashine nyingine inayochana singa na kuondoa vumbi na nyuzi fupi. Vumbi hapo ni jingi, watu wamejifunga vitambaa puani. Halafu wachambuaji wanapima urefu na rangi na kugawa madaraja. Utasikia "hii 3L", "hii UG" kana kwamba wanataja majina ya watoto wao. Mwisho ni presi, ambapo singa inashindiliwa kuwa robota la kilo 250, linafungwa, linaandikwa, linasubiri gari la bandarini.

Mchana tulikula wali maharage na kisamvu kwa mama ntilie nje ya lango, na hapo ndipo mjomba alipopata nafasi ya kusema ya moyoni. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna karibu tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoishinda. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Wakati huohuo kamba za nailoni zilikuwa zimeshaingia duniani, bei ikaanguka, na uongozi wa mashamba nao ukawa na mambo yake. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa tani 20,000 na kitu. Watu wanapenda kuchagua sababu moja kati ya hizo kulingana na siasa zao. Mjomba anazitaja zote, na anaongeza yake: vipuri. Korona ilikuwa inasimama wiki nzima kwa kukosa kipande cha chuma ambacho fundi angekichonga kwa siku moja kama angepewa chuma.

Kabla ya hapo kulikuwa na manamba, wafanyakazi walioletwa kwa mikataba kutoka mbali: Kigoma, Songea, hata Rwanda na Burundi na Msumbiji. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta na kuwasafirisha. Mtu alipewa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi, na mshahara ulikuja kipande kikijaa, hata kama kimechukua mwezi na nusu kujaa. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana ukitembea kwenye kambi za zamani leo unakuta mjukuu wa Muha kaoa mjukuu wa Mmakonde na wote wanasema Kiswahili cha Tanga.

Jioni tukadandia gari la Pangani.

Jumapili, Pangani

Mji mdogo, mtulivu, kuta za chokaa na milango ya nakshi iliyochoka. Boma, ambalo watu wa hapa wanataja mwaka 1810, liko karibu na mto na bado ni la kutazamwa polepole, hasa mlango. Nusu ya asubuhi nimeipitisha kibarazani kwa mwenyeji wetu, kahawa chungu na kashata, nikisikiliza wazee wanabishana kuhusu simba na yanga wa mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Nilichotaka kukijua Pangani ni habari ya kabla ya mkonge. Bonde hili lilikuwa la miwa. Karne ya 19, kando ya mto kuanzia karibu na mji kwenda juu, kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili wenye uwezo, na kila shamba kubwa lilikuwa na kinu chake. Miwa inapitishwa kati ya magogo au vyuma vinavyozunguka, maji yake yanachemshwa kwenye masufuria makubwa mpaka yanakuwa mazito, yanapoa, yanakuwa sukari guru au asali ya miwa, na majahazi yanapeleka Unguja na Uarabuni. Kazi yote hiyo, kuanzia kulima hadi kukoroga sufuria usiku, ilikuwa ya watumwa. Na kinu cha miwa hakina huruma ya saa, kwa sababu muwa ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi, usipokamuliwa unachacha.

Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo ya miwa. Vita vilianzia hapahapa Pangani mwaka 1888, baada ya Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani kupandisha bendera ya kampuni na kufanya fujo mjini. Abushiri alinyongwa hapahapa pia, Desemba 15, 1889. Shujaa, ndiyo. Na mwenye watumwa, ndiyo. Shuleni tulipewa nusu ya kwanza tu.

Mchana, karibu na soko, kijana mmoja alikuwa anauza juisi ya miwa. Mashine yake ina magogo mawili ya chuma na gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Anachomeka muwa, anazungusha, unatoka umebapa. Anaukunja na kipande cha tangawizi na ndimu katikati, anaurudisha, unatoka mkavu kama karatasi. Mjomba alisimama pale akitazama vyuma vinavyozunguka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa bilauri moja. Kisha akamwambia kijana apunguze nafasi kati ya magogo kwa kukaza skrubu ya kushoto, juisi itaongezeka. Kijana akakaza. Ikaongezeka. Bilauri ya pili tukapewa bure.

Alasiri maji yalipojaa tukachukua boti ya mashine kwenda juu mtoni. Mto Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unashuka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ile mipya ya maporomoko ya Pangani iliyoanza 1995, ndipo unafika hapa, kama kilomita 500 za safari, umechoka na ni wa rangi ya chai ya maziwa. Mwanzoni ni mikoko, mizizi nje. Baadaye minazi. Nahodha alituonyesha mahali minazi imekauka vichwa, imebaki nguzo tupu. Maji ya chumvi siku hizi yanapanda mtoni mbali kuliko zamani, alisema, kwa sababu maji matamu yanayoshuka yamepungua, kila mtu huko juu ana bwawa au mfereji wake. Minazi haivumilii. Wakulima wa mpunga wa kingo za chini nao wanalia.

Mamba tuliwaona wawili, au mmoja mara mbili. Hapo mjomba akapata nafasi ya kutoa hadithi ambayo kila mtu wa mkonge anayo: kwamba miche ya kwanza ilitoroshwa kutoka Amerika ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Nahodha akamwuliza kwa nini wasingeificha kwenye begi tu. Mjomba akasema Wajerumani walikuwa watu wa mbwembwe.

Jumatatu, Bweni na Kikogwe

Kivuko cha kwenda Bweni kilijaa asubuhi hiyo: bodaboda, magunia ya mkaa, wanafunzi, mbuzi mmoja mwenye wasiwasi. Nguzo za daraja jipya zilikuwa zimesimama mtoni, daraja la mita 525 la kuunganisha barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Watu wa kivukoni walikuwa wanalisubiri kwa furaha, isipokuwa wauza maandazi wa kivukoni.

Kutoka Bweni tulichukua bodaboda hadi Kikogwe. Mambo ya mamba tuyaache. Lililoandikwa ni hili. Dokta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa Mexico haikutaka kuitoa ya kwake. Mingi ilikufa safarini ikipitia Hamburg. Mwaka 1893 ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Mkonge wote wa mwanzo wa Tanga, mistari yote ile ya juzi, marobota yote ya mjomba, ulitokana na hiyo.

Hiyo namba 62 kila mtu wa Tanga anaijua. Ipo kwenye hotuba, ipo kwenye vipeperushi. Ninachokilalamikia ni kwamba hadithi ya Kikogwe inaanzia hapo, kana kwamba Hindorf alikuta pori. Miaka 20 kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1870, watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani walitoroka vinu na masufuria, wakaja wakajijengea makazi yao Kikogwe. Mabwana wao walikwenda na silaha kuwarudisha wakashindwa. Watu walioikataa kazi ya kinu walichagua mahali hapa, ng'ambo ya mto, pa kuishi kama waungwana. Halafu wakaja wenye mkonge wakaleta kinu kingine na kipande cha siku 30. Kama ingekuwa juu yangu, watoro wangetajwa kwanza na miche 62 ingefuata.

Nilimweleza hayo mzee mmoja tuliyemkuta anaparua nazi uani kwake, baada ya hodi na salamu ndefu.

"Watoro tunawajua," alisema. "Ila wageni wakija huwa wanauliza mkonge."

"Mimi nimeuliza watoro, babu."

"Basi kaa."

Tukakaa hadi adhuhuri. Mengi aliyosimulia ni ya ukoo wake na alinitaka yabaki uani, kwa hiyo siyaandiki. Aliyoruhusu ni haya: kwamba maji ya kunywa yalikuwa shida, kwamba waliogopa zaidi kuja kuuzwa upya kuliko kuuawa, na kwamba baadhi ya watu wa vijiji vya jirani walifanya nao biashara kimyakimya huku mchana wakijidai hawawajui. Baada ya 1873, Sultani Barghash alipopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, misafara ikawa inapita nchi kavu kandokando ya pwani hii hii kuelekea upande wa Pemba, kwa hiyo hofu yao ya kuuzwa ilikuwa na miguu.

Mkonge upo bado Kikogwe, lakini si wa kutisha. Mwingi nimeuona umezungukwa na minazi, mihogo na miembe ya watu. Mjomba alipita kwenye mmea mmoja uliojiotea pembeni mwa njia, akavunja jani, akalikwangua kwa jiwe juu ya kisiki mpaka akatoa singa ya urefu wa mkono. Dakika tano hivi. Akasema hii ndiyo korona ya kwanza, na haihitaji vipuri.

Gari la mwisho la kurudi Tanga huondoka Pangani mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo ukija Kikogwe ukiwa na nia ya kurudi siku hiyohiyo, vuka na kivuko cha asubuhi kabisa. Kiwandani usiende bila kuomba ruhusa ofisi ya shamba siku moja au mbili kabla, vaa viatu vilivyofunga, na simu yako iweke mfukoni karibu na korona kwa sababu kila kitu kinalowa. Boti ya mtoni patana bei kabla ya kupanda, na uulize saa ya maji kujaa. Mjomba kabaki Pangani siku moja zaidi. Anadai amealikwa na yule kijana wa juisi kumrekebishia gurudumu.